Muhuri wa Fundi

Tulimwita Fundi, na jina lake sitalitaja hapa. Mwenyewe alichukia kuitwa jina. Ukimwita barabarani aligeuka polepole, akakutazama kuanzia miguu, akakuuliza, "Nani alikutuma?" Hiyo ndiyo iliyokuwa salamu yake. Mchuuzi wa ndagala akigonga mlango: nani alikutuma? Padri naye: nani alikutuma? Siku moja mama yangu mzazi aliniletea chakula kazini, wali umefungwa katika kitambaa, na Fundi akamsimamisha mlangoni na swali lake hilo hilo. Mama akamjibu, "Njaa ya mutoto wangu njo ilinituma." Fundi akacheka mpaka akakohoa, kisha akala nusu ya wali wangu bila kuniuliza.

Nilifanya kazi naye miaka kumi na moja, kwa hiyo watu wa Kalemie wananiuliza mpaka leo alikuwa mtu wa namna gani. Ninawaambia waniache na shughuli zangu. Hawaniachi. Mwisho wanauliza lile wanalotaka hasa kulijua: mtoto wa Mama Ngoie, yule muganga wa njia ya Kiambi, alikufa kwa mkono wa nani? Hapo ninashika ndoo yangu na kwenda zangu.

Mimi nilikuwa daktilo. Nilipiga barua kwa mashine katika biro, ofisi moja ya bandari, na biro ilipofungwa kwa sababu ya vita nilitembea mji mzima nikitafuta mtu anayehitaji vidole vyangu. Nikafika kwa Fundi, chumba kimoja karibu na reli, kompyuta nne za zamani tulizoziita ordinatere, foni ya redio ya kuzungumza na vituo vya mbali, na kiti kimoja tu. Kiti chake. Wateja walisimama. Mimi pia nilisimama mwezi mzima, mpaka nikaleta kigoda kutoka nyumbani. Alikitazama kile kigoda akasema, "Sasa daktilo amekuwa mutawala." Tangu siku hiyo hakuniita tena kwa jina langu, Mama Zuhura. Daktilo tu, miaka kumi na moja.

Alikuwa ametengeneza programu kwa ajili ya vituo vya afya vya kando ya ziwa na vya porini. Muganga, yaani muuguzi wa kituo, anaandika uzito wa mtoto, umri wake na ugonjwa, na mashine inamwambia atoe dawa gani na kiasi gani. Basi. Kitu kidogo, lakini katika vituo ambako daktari hafiki, na muganga mmoja anahudumia watoto themanini waliokimbia vita, kitu hicho kiliokoa wengi, hilo simnyimi. Haikuwa programu ya kununua kwa kampuni kubwa. Sisi wenyewe tuliigawa, kwa flashi, kwa mitumbwi, kwa baiskeli.

Na kwa kuwa dawa hubadilika, programu nayo ilibidi ibadilike. Kila badiliko Fundi aliliita kiraka. Penye rezo, yaani mtandao, mashine ya kituo iliamka asubuhi, ikauliza yenyewe kama kuna kiraka kipya, ikakichukua na kukivaa kabla muganga hajamaliza kufagia. Pasipo rezo, kiraka kilikwenda kwa flashi, na mashine ilikivaa mara tu flashi ilipochomekwa. Hakuna aliyebonyeza kitu. Fundi alisema ukimwachia mtu nafasi ya kubonyeza, atabonyeza ujinga wake.

Lakini mashine haikuvaa kiraka chochote kile. Ilikubali chenye muhuri wa Fundi peke yake. Muhuri huo haukuwa wa wino. Ulitoka katika ufunguo wa siri aliouweka kwenye flashi ndogo nyeusi, akaivaa shingoni kwa kamba ya kiatu, na ufunguo wenyewe haukufunguka bila maneno aliyoyajua yeye tu. Kiraka kikiguswa njiani, hata herufi moja, muhuri unavunjika na mashine inakitupa. Na kulikuwa na jambo la pili alilojivunia kuliko yote: mashine ilikataa kurudi nyuma. Ikishavaa kiraka kipya, huwezi kuivika tena cha zamani, hata kama kina muhuri wa kweli. "Mwizi mwenye akili hatengenezi kiraka," alinieleza. "Anakuletea cha zamani chenye tundu ambalo nilishaziba, na muhuri wangu juu yake. Mimi sitaki mutu anirudishe nyuma na mukono wangu mwenyewe."

Nilimwambia ni akili kubwa. Akajibu kwamba sikuulizwa.

Zamani zake alikuwa mtu wa reli, na desturi ya reli aliileta katika ordinatere. Relini, alisema, treni haitoki stesheni kwa sababu mtu mmoja ameandika amri. Mmoja anaandika, wa pili anasoma kwa sauti, na upande wa pili wanairudia neno kwa neno. Ndivyo tulivyofanya. Yeye aliandika kiraka, mimi nilisoma kila mstari kwa sauti nikiulinganisha na karatasi ya daktari, kisha yeye akapiga muhuri. Baadaye tukitangaza kwenye foni, vituo viliuliza, "Nani aliandika? Nani alisoma?" nasi tukajibu. Wakati wa kuandika maneno yake ya siri aliniamuru, "Daktilo, geuka." Niligeukia ukuta. Ule ukuta ninaujua kuliko uso wa marehemu mume wangu, kila ufa, kila doa la moshi.

Mdomo wake, Mungu amsamehe, ulikuwa na sumu. Mzee mmoja jirani alipofiwa na mke, Fundi alikwenda msibani, akakaa, akamwambia, "Sasa utapumzika na kelele." Nilitaka ardhi inimeze. Mwanamke mwingine, bibi kizee kilema, Fundi alimchotea maji kila Jumamosi, na njia nzima kutoka bombani alimtukana: mzigo wewe, kwa nini haufi, mguu wako wa mbao unakula maji kuliko mtu. Bibi naye alimjibu matusi ya Kiholoholo ambayo siwezi kuyaandika. Jumamosi aliyougua Fundi, yule bibi alikuja mlangoni kwetu kwa magongo yake kuuliza kwa nini hajatukanwa.

Mtu aliyemshuku kila binadamu, nyumba yake haikuwa na kufuli. Alilala mlango wazi. "Waibe viti," alisema. Watu walipoanza kumiminika mjini wakikimbia vita, wakajengewa vibanda kule Katanika, alipeleka mashati yake yote akabaki na mawili. Nilimsifu. Akaniambia yale mashati yalikuwa yanamkaba shingo.

Na alikuwa na moyo. Wallahi alikuwa na moyo, na hilo nitalisema mbele ya mtu yeyote. Siku moja mchana kweupe waliingia wanaume watatu na mkubwa wao, mwenye bunduki. Wa upande gani, sitaki kujua. Mkubwa alikuwa amesikia kwamba kuna mtu anayeweza kuingia katika mashine za vituo vyote kwa siku moja. Alitaka kiraka kimoja tu, kidogo: mashine ziandike majina ya wanaume wanaotibiwa vidonda vya risasi na mishale, na kumletea yeye.

Fundi alimtazama kuanzia viatu. "Nani alikutuma?"

Walimpiga mbele yangu. Walimpiga kwa kitako cha bunduki, meno mawili yakaanguka juu ya kibodi. Wakamnyang'anya ile flashi ya shingoni. Wakadai maneno ya siri, akawapa, yakakataa. Wakapiga tena, akawapa mengine, nayo yakakataa. Mara ya tatu aliwapa jina la mama wa yule mkubwa na tusi nyuma yake. Nilijikojolea pale kwenye kigoda, sioni haya kusema. Mwisho walichoka, mkubwa akaitupa flashi katika mufereji wa nje, wakaenda zao wakituahidi watarudi.

Nilitaka kumpangusa damu. Akasukuma mkono wangu. "Mufereji," alisema, mdomo umejaa damu. Niliingia katika ule uchafu mpaka magotini, nikapapasa kwa vidole, yeye amekaa ukingoni ananiangalia. "Tafuta vizuri, daktilo. Nguo yako ilishalowa, unaogopa nini?" Watu walisimama wakacheka. Niliipata. Hakusema asante. Aliisafisha kwa shati lake, akaivaa. Wangapi walipona porini kwa sababu ya meno yale mawili, sijui, na wao wenyewe hawajui. Siku ile ile aliyonipa sababu ya kumheshimu maisha yangu yote, alinipa na ya kumchukia.

Sasa nimseme Mama Ngoie. Alikuwa muganga wa kituo kimoja katika njia ya kwenda Kiambi, mwanamke mpole, mwenye sauti nyembamba kwenye foni. Asubuhi moja, wakati vituo vyote vinasikiliza, alieleza kwa uaminifu kwamba mashine ilimwambia atoe vidonge vinne kwa mtoto fulani, naye alimwona mtoto amedhoofu sana, akatoa vitatu. Aliuliza tu kama alifanya vizuri.

Fundi akashika foni. "Mama Ngoie! Nani alikutuma kufikiri?"

Hakungoja jibu.

"Mashine inasema nne, weye unatoa tatu. Basi itupe mashine ndani ya muto, urudi kulima mihogo. Ao watoto wa kwenu wanaponaga na macho yako?"

Aliendelea hivyo muda mrefu. Kando yote ya ziwa iliangua kicheko, niliwasikia waganga wenzake wakichekea kwenye foni. Kuanzia siku hiyo wakamwita Mama Tatu. Wakitaka kumsalimu, "Habari ya huko, Mama Tatu?" Alijibu salamu. Lakini hakuuliza swali tena. Mashine ikimwambia kitu, alikifanya. Fundi alifurahi, akasema yule mama amefunzika.

Halafu ikaja dawa mpya ya maji, ya watoto. Chupa nyingine, rangi nyepesi, maandishi ya lugha ambayo hakuna aliyeisoma. Daktari wa mjini alituandikia karatasi ya vipimo: watoto wa chini ya miaka mitatu, mililita mbili, na chini yake, mstari wa watoto wakubwa, mililita nane. Kiraka kilihitajika upesi kwa sababu chupa zilikuwa zimeshatangulia vituoni.

Asubuhi ile nilimpa chai bila sukari. Boti za Kigoma hazikuja wiki mbili, sukari haikuwepo sokoni, ningeitoa wapi? Alikunywa funda moja. Mbele ya wateja watatu waliosimama, aliimwaga chai yote miguuni pangu, ya moto. "Baba yako alileta sukari ya Kigoma maisha yake yote, mutoto wake hawezi hata kuleta kijiko! Damu iliharibika wapi?" Wateja wakatazama chini. Mimi nikafuta sakafu. Nikafuta na miguu yangu. Moyoni nilikuwa nimejaa mpaka shingoni.

Wateja walipoondoka akaandika kiraka. Akaniita nisome. Nilianza kusoma, karatasi mkono wa kushoto, macho kwenye kioo cha mashine. Nikafika mstari wa watoto wadogo. Karatasi inasema mbili. Kioo kinasema nane. Alikuwa ameruka mstari, akawapa watoto wadogo kipimo cha wakubwa.

"Fundi," nilisema, "hapa..."

"Unajua kusoma ao unajua kuuliza? Soma!"

Ningeweza kusema. Neno moja tu: mbili. Angeweza kunimwagia nini tena, chai ilikwisha. Lakini niliitazama ile shingo yake na kamba yake ya kiatu, nikasema moyoni: basi aanguke. Daktari ataona, mji mzima utaona, na huyu mtu aliyenidhalilisha atadhalilika mara moja katika maisha yake. Nilidhani kitatoka kwa rezo tu, mjini, ambako madaktari wapo. Nikasoma kwa sauti safi, ya biro: "Chini ya miaka mitatu, nane." Yeye masikio yake yalikuwa katika hasira yake. Akasema, "Geuka." Nikageukia ukuta. Akapiga muhuri.

Saa hiyo hiyo mwendesha baiskeli wetu akagonga. Alikuja kusema njia ya Kiambi imefunguka, watu wamepita leo, na yeye anaondoka sasa hivi kabla haijafungwa tena. Fundi akamkabidhi flashi. Nilisimama na kitambaa changu cha kufutia sakafu, nikamwona anaifunga ile flashi katika leso, anaiweka kifuani, anapanda baiskeli. Hata hapo sikusema. Mdomo ulikataa, maana ningesema nini? Kwamba niliona nikanyamaza?

Kesho yake asubuhi daktari alipiga simu: ameona nane kwenye mashine ya mjini. Fundi alisikiliza, uso ukawa rangi ya majivu. Haikupita saa moja akawa ameandika kiraka kingine, nami nikasoma, akapiga muhuri. Mashine zenye rezo zilikichukua siku hiyo hiyo, na mjini hakuna mtoto aliyeguswa. Tuliita kituo cha Mama Ngoie kwenye foni mpaka betri ikalia. Hawakujibu. Tulijua baadaye kwamba walikuwa wameshusha antena na kuificha, maana antena inawaita watu wenye silaha. Tulituma baiskeli ya pili. Ilirudi kutoka nusu ya njia, matairi yametobolewa kwa mshale. Njia ilifunguka siku moja tu, na siku hiyo tukaitumia kupeleka kosa.

Wiki ya tatu wakimbizi walileta habari Katanika: kituo kimechomwa, na kabla hakijachomwa muganga alimuua mtoto wake mwenyewe kwa dawa. Binti wa miaka miwili, Masengo. Wakwe wakamwita mulozi, mchawi. Mume akamwacha pale njiani, katikati ya watu wanaokimbia.

Fundi alisikia hayo kutoka kwangu. Kisha akatoka mpaka barabarani, walipokuwa watu, akasema kwa sauti kubwa bila kuulizwa, "Mashine yangu haikosei. Mwanamuke yule alipenda kufikiri tangu zamani." Mashine ya kituo ilikuwa imeungua, hakuna wa kumbishia. Yalipita miezi. Nilimsikia akirudia maneno hayo kwa watu wa afya, kwa padri, kwa yule bibi wa magongo. Na mimi nilikuwa nyuma yake kila mara, kama ukuta wake. Katanika wanawake walihamisha ndoo zao Mama Ngoie alipofika bombani. Watoto waliokuwa na homa walifichwa asije akawagusa. Haya niliyajua. Nilipita mbali na kibanda chake.

Fundi alianguka mwaka uliofuata, asubuhi, mkono wa kushoto na mguu wa kushoto vikafa, mdomo ukapinda. Akili ilibaki. Matusi nayo yalibaki, ila yalitoka upande mmoja. Kazi za vidole zikawa zangu, muhuri ukabaki wake. Nilimlisha uji. Aliulalamikia.

Siku aliyokuja Mama Ngoie nilikuwa nimeshika kijiko. Nilisikia hodi, nikaona mwanamke mwembamba mlangoni, kitenge kimoja, pekupeku. Sikumjua, maana sura yake sikuwahi kuiona. Nilimjua aliposema, kwa ile sauti nyembamba, "Jambo, Papa Fundi. Jambo, mama."

Fundi akageuza kichwa juu ya mto. "Nani alikutuma?"

"Masengo."

Uji ulimwagika mkononi mwangu. Mama Ngoie aliingia, akapiga magoti, akafungua fundo la kitenge chake, na ndani ya fundo akatoa flashi.

"Nilikimbia na hii," alisema. "Mashine iliungua, hii nilikuwa nayo. Wanasema niliua mutoto wangu na kichwa changu. Papa, mimi kichwa changu kilikataa! Niliona nane, nikasema hapana, ni nyingi. Nikachukua flashi ya zamani, nikaweka, ili mashine irudi vile ilikuwa. Ikakataa. Nikaweka tena, ikakataa. Nikawaza, chupa ni mupya, dawa ni nyepesi, kumbe inataka nyingi. Nikawaza kupandisha antena, nikuulize." Akalikaza fundo la kitenge lililobaki tupu. "Nikakumbuka vile mulinicheka. Nikampa."

Nilitamani akasirike. Alizungumza kama anayetoa ripoti.

"Unataka nini?" Fundi akauliza.

"Weye ulisema muhuri wako haudanganyi. Uangalie kama ni wako."

Fundi alinitazama. "Daktilo. Kiinue hiki kichwa." Nilimketisha, nikaweka mashine mapajani pake, nikachomeka flashi. Kwa mkono wake mzima aliiamuru mashine ipime muhuri. Tulingoja. Kisha maneno yakatokea, na kwa desturi ya kwetu hakuna jambo linalokuwa jambo mpaka lisomwe kwa sauti.

"Soma," aliniambia.

"Muhuri ni wa kweli," nikasoma. "Hakijaguswa."

"Mustari wa watoto."

"Chini ya miaka mitatu, nane."

Mama Ngoie alifunika uso kwa viganja vyote viwili. Hakulia kwa sauti. Nilingoja Fundi aseme kitu kichafu, wallahi niliomba aseme, ingekuwa rahisi zaidi. Alisema, "Foni."

Nilimwekea foni mdomoni, upande unaofanya kazi. Vituo vilivyobaki vilikuwa vichache, lakini saa ile ilikuwa saa ya kusikilizana. Aliita. Wa kwanza kuitika alikuwa muganga wa upande wa Kabimba, yule yule aliyemcheka Mama Ngoie kuliko wote.

"Sikilizeni," alisema Fundi, neno moja moja, mate yakimtiririka. "Mutoto wa Mama Ngoie. Mashine ilisema nane. Haki ilikuwa mbili. Yeye alikataa, mashine ikamulazimisha. Muhuri ni wangu. Nilijua, na nilimusingizia. Mupeleke habari hii Katanika, mupeleke kwa wakwe zake, kwa kila mutu. Rudia."

Foni ilikwaruza. Sauti ya Kabimba ikarudia yote, neno kwa neno, mpaka mwisho. Halafu, kwa sababu ndiyo desturi, na hakuna aliyewahi kuiacha, ikauliza, "Nani aliandika? Nani alisoma?"

Fundi aligeuza macho yake, akanitazama. Alijua. Tangu simu ya daktari alikuwa amelikumbuka lile neno "hapa" langu, na miezi yote ile hakunigusia. Nilikuwa na nafasi ya kusema, safari hii hakuna aliyenikatiza.

"Aliyeandika ni mimi," Fundi akasema. "Aliyesoma ni mimi."

"Tumesikia," ikajibu Kabimba. "Mama Ngoie, kama uko hapo, utusamehe."

Fundi akafumba macho. Aliishi siku nyingine kama ishirini, akazikwa na ile flashi nyeusi shingoni, na maneno yake ya siri chini pamoja naye. Mashine za vituo mpaka leo zinaamka asubuhi na kuuliza kama kuna kiraka.

Lakini siku ile, nilipomsindikiza Mama Ngoie mpaka barabarani, alisimama, akanishika mkono. Tayari uso wake ulikuwa mwingine.

"Mama," aliniuliza, "ile siku aliandika, weye ulikuwa wapi?"

"Sokoni," nikamjibu. "Alinituma sukari."

Akaniangalia kwa huruma. "Ungalikuwako," alisema, "ungaliona." Kisha akanishukuru kwa kumlisha mzee uji, akaniita mtu mwema, akashika njia ya Katanika.